Siku Daftari Alipochagua Mashine ya Kukereza

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, ziacheni simu zenu mezani, mtege masikio niwasimulie vita vya Jumamosi, vita ambavyo havikumwaga damu ila tone la chai. Na shujaa wake si mwingine ila Daftari, karani wa posta, mtimua vumbi la mbao, bingwa wa vikombe vya kuwekea mayai, mume wa fundi cherehani.

Shujaa huyu alikuwa akikereza mbao baada ya kazi, akizizungusha mashineni na kuzichonga, kwa kujifurahisha tu, kwa kimashine alichokiita Kifaranga. Nacho kilimtii katika mambo madogo. Ukikipa kipande kilichozidi kiganja kwa upana, kilitetemeka kikaanza safari ya mlangoni, hata pasi ya mkewe iliyowekwa juu yake haikukizuia. Vikombe vya mayai vikajaa kabatini, arobaini na kitu, na jamani, nyumba ile haili mayai.

Lakini palikuwa na gogo. Lilitoka kwenye mti wa uani kwa marehemu baba mkwe. Mti ulipokatwa, likabaki hilo tu, na mke akamwomba mumewe neno moja: bakuli. Daftari akazipaka ncha zake nta lisipasuke, akalifunika shuka, akaapa kununua mashine yenye uwezo. Kisha akasoma. Akasoma miezi saba! Akaandika katika daftari lisilombanduka mkononi, akafuta, akalinganisha mota na mota, na huku ufa ukitambaa ndani ya gogo, jana ukucha, leo kidole.

"Baba watoto," mkewe akamwambia asubuhi ya Jumamosi hiyo, "ukiendelea kusoma, tutakereza kuni."

Wakalibeba gogo hadi dukani.

Mashine tatu zilisimama safu moja. Muuzaji akanyoosha shati, akamkaribisha mama chai, akahutubia kama mbele ya majeshi: "Mzee wangu, itazame hii ya kwanza, nyepesi, bei yake haimuumizi mtu! Na ile ya mwisho, ee, ile ni mfalme! Inakereza hata nguzo za kitanda!"

Daftari akamwona mfalme, macho yakamtoka. "Enyi mbao za dunia," akanguruma, "mbabe wenu nimempata! Kwa hii nitakereza nguzo za vitanda, na miguu ya meza, na..."

"Kitanda cha nani?" mkewe akauliza. "Hebu fungua hilo daftari. Ukiacha bakuli langu, umepanga kutengeneza nini?"

Jemadari akapekua kurasa sitini. Nguzo haikuwamo hata moja. Akanywea.

Ndipo akaliinua gogo kwa mikono miwili, akalipimia kwenye mashine ya kwanza, likagonga chuma. Akalipimia kwenye ile ya katikati, fupi, nzito, isiyo na madaha yoyote. Likapita, ikabaki nafasi ya kidole.

"Iwashe," mke akasema, akaweka kikombe chake cha chai juu ya chuma. "Cherehani ikitetemeka, mshono unakwenda upogo. Sidhani mbao zina tabia tofauti."

Mashine ikaanza polepole, ikapanda kasi, chai ikatikisika, tone moja likamwagika, kisha ikatulia tuli.

Daftari akautazama ufa, ulimi ukamwasha kusema kwamba angependa arudi nyumbani akasome kidogo tena, kisha akajikaza, akatoa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Nachukua hii!"

"Hii hii?" muuzaji akauliza.

"Hii hii. Leo."

Mkewe akacheka, halafu akajifuta macho kwa kiganja. "Nilishaanza kulililia hilo gogo, mwenzio."

"Niliogopa," shujaa akakiri, na safari hii hakunguruma. "Nikinunua mbovu, nitaliharibu gogo la baba."

"Ndiyo maana miezi saba?"

"Ndiyo maana."

"Si ungesema tu, bwana wewe!" akasema, akamshika mkono.

Basi na iandikwe, na waandishi wa zama wasiruke mstari: siku ya Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, mtu mmoja aliingia dukani na mashaka ya miezi saba, akatoka na risiti.