Sakafu ya Kumpokea Mzee Khatibu

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Kasulu.

Salamu zimeletwa asubuhi na utingo wa basi la Kibondo. Mzee Khatibu anakuja Jumapili ya wiki ijayo kumposea mwanawe Omary binti yetu Shamsia. Anataka jambo hili liishe kabla ya Ramadhani. Alhamdulillahi.

Kisha nikatoka nje, nikautazama uwanja wetu wa mbele, furaha ikanitoka. Vumbi jekundu tupu. Mashimo ya kuku. Mgeni ataingia na kanzu nyeupe, atatoka na kanzu ya rangi nyingine.

Kibaya zaidi ni jirani. Hilali mwenye duka amesakafia kwake kwa saruji, akaandika jina lake kwa kidole kabla haijakauka. Na Hilali ana binti, Asia. Na nasikia Mzee Khatibu aliwahi kumuulizia huyo Asia kabla ya wetu. Mtu akitoka kituo cha basi kuja kwangu, hana budi kupita kwa Hilali.

Shamsia tangu salamu zifike amevunja vikombe viwili. Anamtaka kijana. Mimi ni baba, naona.

Mke wangu Kuruthumu kashauri tusawazishe udongo, tutandike matofali, basi. Matofali! Kasulu nzima ina matofali. Hata huko Titye mbuzi wanalala kwenye matofali. Nimemwambia sakafu aniachie mimi.

Jumatano, 4 Agosti.

Mimi ni fundi cherehani. Najua mteja hachagui kitambaa bila kukishika. Kwa hiyo nimepanga vielelezo mbele ya mlango: tofali la kuchoma, jiwe bapa la mtoni, changarawe, na kipande cha saruji. (Kipande hicho kilikuwa kimelegea kwenye ngazi ya Hilali. Karibu kimelegea.) Kila apitaye nikamwomba akanyage na kutoa maoni.

Wa kwanza alikuwa Rosa, yule mama aliyekimbia machafuko Burundi na mumewe, sasa wanafyatua matofali karibu na mto. Alikuja na ndizi kichwani, akajikwaa, akalia, "Mawe!" Nikafurahi. Kura moja ya mawe. Shamsia akanieleza, kanga mdomoni, kwamba kwao "mawe" ni mama. Mtu akiumia humwita mama yake. Rosa akashika kidole chake cha mguu akasema angekuwa yeye angetandika matofali. Anauza matofali, kura yake nimeitupa.

Shamsia naye kasema matofali, yakipangwa mshazari yanafanana na jamvi. Nimemwambia mposwa hachagui sakafu.

Nimeamua peke yangu: saruji. Pana kuliko ya Hilali.

Ijumaa, 6 Agosti.

Hakuna saruji. Inatoka kwa kibali, na kibali kinatoka kwa kazi za maendeleo tu. Nimeuliza ofisini kama posa ni maendeleo. Wamecheka.

Baada ya sala ya Ijumaa likanijia wazo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Ntirampeba, kila mkutano analia na vyoo. Nikamwendea. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba nimekosa usingizi kwa kuwaza choo bora. Macho yakamlowa. Alisema ameongoza nyumba hizi kwa shida, na hakutegemea ukombozi wake utoke kwangu. Akafunga safari mwenyewe hadi ofisini kunisemea.

Jioni mfuko wa saruji ulikuwa chini ya kitanda changu. Kuruthumu kauliza ni wa nini. Nikamwambia wa choo. Si uongo mkubwa. Choo kiko nyuma ya nyumba, saruji itakuwa mbele ya nyumba; nyumba ni ile ile.

Jumatatu, 9 Agosti.

Sina nguvu ya kuandika.

Nilikuwa nimeupeleka mfuko mbele, nimeshika sepeto, nasema bismillahi. Akatokea Balozi. Nyuma yake bwana afya. Nyuma ya bwana afya, wanaume wenye majembe. Wamekuja kunisaidia! Balozi alisema mtu mwenye moyo kama wangu haachwi afanye kazi peke yake.

Nilijitahidi. Nilisema ardhi ya nyuma haifai leo. Nilisema tuanzie mbele, tuje taratibu kuelekea chooni, ili watu wafike wakiwa na miguu safi. Bwana afya akaomba maji ya kukorogea.

Mfuko wote umekwisha nyuma. Mimi nilibeba ndoo. Tulikuwa na choo cha magogo yanayozama ukikanyaga, watoto wa jirani walikuwa wakikiita mtumbwi. Sasa kina sakafu laini, imara, na mfuniko wa mbao. Kuruthumu kakizunguka kama anayenunua ng'ombe. Kasema tangu nimuoe hajawahi kuniona nikifanya jambo la maana kama hili.

Balozi akaahidi kuleta shina zima, nyumba zote kumi, wajionee. Nikamsihi asijisumbue. Kasema si usumbufu.

Alhamisi, 12 Agosti.

Jana nilipanda lori kwenda Kitanga. Nilisikia huko kuna mawe mapana kama meza. Mawe yapo. Yanatoka ardhini kama vichwa vya viboko, na mwenye shamba alinipa ruhusa ya kuchukua lolote nitakaloweza kulinyanyua. Nimerudi leo mikono mitupu, mgongo umekufa.

Nikakuta uwanja umekwisha. Matofali! Kuruthumu alimpa Rosa magauni mawili niliyokuwa nimeyashona ya kuuza, Rosa na mumewe wakaleta matofali kwa baiskeli, na Shamsia kayapanga mwenyewe, mshazari, juu ya mchanga. Yanafanana na jamvi kweli.

Nilikasirika. Nikakaa juu yake nikakasirika vizuri. Kisha nikagundua sina tena la kufanya, nikalala hapo hapo, jua likiwaka. Sijalala hivyo tangu salamu zifike.

Jumapili, 15 Agosti.

Leo naandika kwa furaha.

Mzee Khatibu alifika mchana na ndugu zake wawili. Kama nilivyoogopa, Hilali alikuwa kwenye saruji yake, kanzu imepigwa pasi, akawakaribisha kahawa. Mzee Khatibu alikataa kwa mkono, hakusimama. Aliyapita matofali yetu bila kuyatazama. Nilitamani kumshika kichwa nikiinamishe.

Ndani hakula. Kuruthumu alipika pilau; yeye alichota punje punje. Ndugu yake alipoanza maneno ya posa, mzee alikunja uso, akageuka upande huu, akageuka upande ule. Nikajua tumekwisha. Anamkumbuka Asia. Nyuma ya pazia niliona miguu ya Shamsia, haitikisiki.

Hapo ndipo Balozi akaingia na watu wa nyumba zote kumi. Akatoa salamu, akatangaza mbele ya wakwe zangu kwamba wamekuja kutazama choo.

Nilitaka ardhi inimeze, matofali na yote. Lakini Mzee Khatibu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Choo gani?"

"Choo bora," Balozi akasema. "Cha saruji. Hakuna kingine mtaa huu."

Mzee akaniinamia sikioni. "Bwana Gharibu, nimekula maharage njiani, toka asubuhi yananitesa. Nilikuwa naona haya kuuliza. Ningesimama kwa Hilali, hata mlangoni kwako nisingefika. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alikaa. Watu wa nyumba kumi walisubiri foleni kwa heshima. Alipotoka uso wake ulikuwa mwingine kabisa, kama mtu aliyesamehewa deni. Akanawa, akakaa, akavuta sahani ya pilau, akala kama kijana.

"Tusizungushe maneno," akasema. "Nyumba inayotunza mgeni mpaka huko nyuma, mwanangu ataheshimiwa. Tunamtaka Shamsia. Harusi baada ya Idi."

Nyuma ya pazia kikombe kikavunjika. Hakuna aliyekasirika.

Jumatano, 18 Agosti.

Nimefikiri kwa makini na nimeona ukweli. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Kuruthumu kasikia hayo, akaenda jikoni kucheka peke yake.

Sasa harusi. Wageni watahitaji kivuli, na mabati hayapatikani ila kwa kibali. Nimechunguza: madarasa ya kisomo cha watu wazima yanapewa. Leo jioni nimemwendea Balozi, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba nimekosa usingizi kwa kuwaza wasiojua kusoma. Macho yakamlowa. Mabati yanakuja wiki ijayo.

Alisema pia kitu kuhusu kuwaleta yeye mwenyewe wanafunzi na ubao, siku ile ile ya harusi. Nadhani alikuwa anatania.