Boksi Kubwa la Kanisa la Bofu

Leo nimeadhirika. Kanisani, mchana kweupe, mbele ya mtu aliyevuka feri kuja kunisikiliza. Naandika haraka kwa sababu Karisa, mpigaji dramu wetu, ana video nzima kwenye simu yake na ameapa ataituma humu kundini saa kumi na mbili. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Kazungu wa Bofu, yule ambaye mtu akiuliza humu boksi gani la spika linaifaa amplifaya yake, najibu kabla hajamaliza swali. Ndiye niliyemwambia ndugu yetu wa Kisauni mwezi jana kwamba besi yake inasikika kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. (Ndugu yangu, vumilia. Zamu yako ya kucheka inakuja.) Msimamo wangu mnaujua. Amplifaya ni nguvu tu, mdomo ni boksi. Boksi lenye spika mbili za inchi kumi hutamka maneno. Boksi lenye spika moja ya inchi kumi na tano hutoa tumbo, ule mngurumo wa chini. Ukiyaoanisha mawili hayo sawasawa, besi inamfikia msikilizaji hadi kwenye soli ya kiatu. Haya nimeyaandika humu mara nyingi, tena kwa majivuno. Ambalo sikuwahi kuandika ni kwamba boksi la tumbo nilikuwa sijawahi kulipiga hata siku moja. Nililisoma tu.

Sasa sikilizeni. Kuna mzee anaitwa Bwana Mwakio, ana bendi inayopiga kwenye hoteli za Shanzu. Mpigaji besi wake amehamia Malindi. Niliposikia, nikampigia simu siku hiyo hiyo. Mnajua kazi yangu: nabeba magunia ya unga kwenye kinu kimoja kule Changamwe, na mgongo umeanza kunisemesha. Nataka besi iwe ndiyo kazi yangu, si kitu cha Jumapili. Naitaka sana, hata kuisema naona haya.

Mzee akaniuliza swali moja tu kwenye simu. Bendi yake leo inapiga ndani ya ukumbi, kesho kando ya bwawa la kuogelea, kwa hiyo mpigaji besi ni lazima ajue mwenyewe kupanga amplifaya na maboksi kulingana na mahali. Akataka kujua nina maboksi gani. Ukweli ni kwamba kanisani napigia boksi moja dogo, lile la spika mbili. Lakini mdomo ukawahi.

"Ninayo mawili, mzee. La kumi na la kumi na tano. Nayaoanisha mwenyewe."

Sikudanganya sana. Kanisa letu lina boksi la pili, kubwa, jeusi, na namba kumi na tano imechapwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Lilikuwapo stoo, karibu na jiko, tangu nijiunge na kwaya miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nalipita kila Jumapili nikienda kunywa chai. (Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini boksi la spika linakaa jirani na chai.)

Leo saa tatu asubuhi nikafika na Karisa tulitoe. Lilikuwa zito. Nilifurahi mno. Nikamwambia Karisa uzito huo ni sumaku, na sumaku kubwa ndiyo tumbo kubwa. Tulipoliinamisha kwenye mlango wa stoo, kitu kikabingirika ndani na kugonga. Karisa akasimama.

"Mbona lalia?"

Nikamwambia ni skrubu zimelegea, boksi lililokaa muda mrefu lazima lifanye hivyo. Akanitazama, akashika tena upande wake. Karisa ni mtu wa kuniamini, na hilo ni kosa lake.

Tukaliweka chini, na lile dogo tukalipandisha juu yake. Nikazunguka nyuma kuunganisha waya. Nyuma ya kila boksi kumeandikwa nane, kipimo cha ukinzani wa umeme, na nane mbili zikiungwa pamoja amplifaya inaona nne, na hapo ndipo inapotoa nguvu zake zote. Hesabu hiyo naijua hata usingizini. Kule nyuma nikaona pia kibao kidogo cha mbao kimepigiliwa msumari mmoja, cha kuzungusha, mithili ya kile kinachofunga mlango wa banda la kuku. Nikajiuliza ni cha nini. Nikajijibu papo hapo: mafundi wa zamani walikuwa makini, hiki ni cha kurekebisha upepo. Sikukigusa, nisije nikaharibu sauti.

Kisha nikamwomba Karisa arekodi kila kitu. Nilimwambia kabisa, kwa kinywa changu mwenyewe, "rekodi, wale wa kundini wajifunze."

Bwana Mwakio akafika saa tano. Mtu mfupi, shati limepigwa pasi, haongei ovyo. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi benchi la mbele na kofia yake magotini. Akasema nianze.

Nikaanza kwa maelezo. (Angekuja mtu akanifunga mdomo kwa plasta wakati huo, leo ningekuwa mtu mwingine.) Nikamweleza kuhusu nguvu na mdomo, kuhusu kumi na kumi na tano, na kwamba amplifaya na boksi ni ndoa: akizidi mmoja, mwingine anapasuka. Mzee akawa anaitikia kwa kichwa. Nikapiga. Vidole vilikuwa vyepesi na wimbo ulikuwa wa taratibu, ninaoupenda. Nikafumba macho. Na nawaambia ukweli wa Mungu, nilisikia tumbo. Nililisikia linapanda miguuni. Ningeweza kuapa mahakamani.

Tatizo lilikuwa waya wa nne wa gitaa, ule mnene. Kila nilipoupiga, chini pale kitu kilikuwa kinaitikia. Kililia kwa sauti nyembamba, ya bati.

"Kuna kitu kinalia," akasema Bwana Mwakio.

Nikamwambia ni boksi linaamka. Mbao zilizokaa bila kazi huhitaji dakika kadhaa kupata joto. Akaitikia kwa kichwa, mara hii polepole zaidi. Nikaongeza sauti ili zipate joto upesi. Kile kitu nacho kikaongeza sauti.

Mzee akafikiri kidogo, kisha akaniomba nilitoe lile kubwa, alisikie dogo peke yake, ajue tofauti. Hilo ndilo ombi nililokuwa nalingoja. Nikazunguka nyuma, nikachomoa waya kwa madaha, nikarudi, nikapiga wimbo uleule.

"Umesikia, mzee? Tumbo limeondoka."

Mimi nilisikia limeondoka. Karisa naye nyuma ya simu akasema kweli, limeondoka. (Video inayo hiyo. Nashukuru angalau sikuwa peke yangu.) Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza, akakuna kidevu.

"Lakini kile kinacholia bado kinalia," akasema. "Na umelichomoa."

Hapa ndipo mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikamwambia mbao zina kumbukumbu. Nikamwambia boksi zuri likishapigiwa besi, haliisahau mara moja. Nilitazama dari nilipokuwa nikisema hivyo, kwa hisia.

Basi wakati ule ule mlango wa upande ukafunguka. Akaingia Mama Dama, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, sinia mkononi. Leo walikuwa na kikao chao kule nyuma. Tukamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, akasema tuendelee tu, yeye hana neno, anachukua vikombe chai isipoe. Nikadhani anapita kwenda stoo. Nikaendelea kumweleza mzee namna ya kusikia inchi kwa sikio.

Mama Dama hakwenda stoo. Alisimama katikati ya njia, akaliangalia boksi langu kubwa, akatazama kule lilikozoea kukaa, akaliangalia tena. Akaja akazunguka nyuma yake. Akausogeza waya wangu kando kwa ncha ya kidole, akapiga goti, akakizungusha kile kibao cha upepo. Mgongo wa boksi ukafunguka kama mlango, kwa sababu ulikuwa mlango.

Akatoa kikombe cha bati. Akakifuta kwa leso, akakiweka kwenye sinia. Akatoa cha pili. Nilisimama na gitaa shingoni, nikivihesabu kimoja kimoja, na nadhani ningeweza kuwatajia kila kimoja kilikuwa kikilia kwenye noti gani. Vilifika kumi na vinane. Kisha likatoka kopo la sukari. Kisha kichujio.

"Nani kaleta kabati langu huku?" akauliza. "Na vikombe vyote vimepinduka."

"Mama, hilo ni boksi la spika," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitumaini atakubali.

"Lilikuwa, mwanangu. Spika yake ilipasuka, ikapelekwa kwa fundi, wewe hujaja hapa. Mpaka leo haijarudi. Tukaona lisikae bure."

Akabeba sinia lake akaenda zake. Hakucheka hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Karisa ndiye niliyemwona mabega yanacheza. Simu ilikuwa bado imenyooka.

Bwana Mwakio akainuka. Akaweka kofia kwenye benchi, akazunguka nyuma, akainama, akaingiza kichwa ndani ya boksi. Mimi nilikuwa mbele. Pale panapotakiwa kuwa na spika palikuwa na tundu la duara na kitambaa cheusi tu, na mwanga ulikuwa unapita. Nikaliona jicho lake.

"Kazungu," akasema kutoka humo ndani, "nakuona."

Na sauti yake, jamani, ilikuwa na tumbo zuri sana.

Nilifikiria kinu, nikafikiria magunia ya Jumatatu, nikaona nimeitupa bahati yangu mwenyewe kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaanza kuizima amplifaya nikunje waya. Sikuweza kumtazama mtu.

Mama Dama akarudi na chai. Akampa mzee kikombe cha kwanza, mimi cha pili. Mzee akanywa taratibu, bila haraka yoyote, akakigonga kikombe kwa ukucha mara moja. Kikalia. Akasikiliza mpaka mlio ukaisha, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki. Kisha akaniambia niiwashe tena, nitumie boksi dogo peke yake, nipige wimbo ule ule. Akaongeza kwamba mara hii anaomba asisikie neno.

Nikapiga. Sikufumba macho, nilitazama vidole vyangu kwa aibu. Sikuongeza sauti. Lile boksi dogo lilitamka kila noti, na kwa kuwa vikombe vilikuwa mikononi mwa watu, hakuna kilicholia. Akina mama wawili walikuja kusimama mlangoni na chai zao. Mmoja akawa anatikisa bega. Nilipomaliza, mzee alikuwa ameshaivaa kofia yake.

"Vidole unavyo," akasema. "Jumamosi ijayo njoo Shanzu, tukujaribu na wenzako. Maboksi atayapanga mtu mwingine. Wewe utapiga. Hutaeleza."

Nikasema ndiyo, mzee. Nilitaka kueleza jinsi nilivyofurahi, nikakumbuka sharti.

Akaondoka kuwahi feri. Mimi na Karisa tukalirudisha boksi stoo, safari hii likiwa jepesi ajabu, na Mama Dama akasimama kutuonyesha pembe yake hasa, na upande wa mlango uangalie wapi. Kisha nikavipanga vikombe mwenyewe, vyote kumi na vinane, midomo chini.

Ndugu yangu wa Kisauni, nakuomba radhi mbele ya kundi zima. Besi yako ilikuwa ndani ya blanketi, nakubali, lakini angalau ndani ya blanketi mlikuwa na spika.

Na kwenu nyote, ombi langu ni moja. Saa kumi na mbili imekaribia, video inakuja. Ikifika, tazameni vidole. Sauti zimeni.