Mtungi wa Posa ya Bi Time

Jumamosi, 3 Julai 1954

Nimekata shauri. Namwoa Bi Time. Naandika kwa wino ili nisije nikageuka.

Bi Time ni mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Kikwajuni. Kila asubuhi anachoma mahamri ya kuuza na mtaa mzima unaamka kwa harufu. Mimi Makungu, karani wa mizani katika ghala la karafuu, umri miaka arobaini na miwili. Koti moja zuri, meno yote.

Jioni nikalivaa hilo koti, nikamwendea ami yake, Mzee Mjaka. Shikamoo. Marahaba. Nikajieleza. Akanisikiliza huku anatafuna tambuu. Akasema hana neno na mimi, ila ukoo wao una desturi tangu babu zao walipokuwa bara. Mposaji huleta mtungi wa tembo la mnazi, tembo lenyewe, halijaguswa maji wala sukari. Wazee wanaonja. Likiwa la kweli, mtungi unabaki na maneno yanaendelea. Likiwa la hila, kata ya kuchotea inalazwa kifudifudi juu ya mtungi, na mposaji anaubeba mtungi wake anarudi nao kwao. Maana, alisema mzee, mwanamume anayedanganywa na mgema atadanganywa na kila mtu, na mkewe atakula nini?

Nimepewa Jumapili ya tarehe 11, saa kumi alasiri.

Natoka, nani huyo anaingia? Kificho! Fundi cherehani wa Darajani. Koti lake zuri kuliko langu, kalishona mwenyewe, mjanja yule. Naye anaposa! Nikangoja barazani mpaka nikasikia: kapewa Jumapili ya tarehe 18.

Sawa. Mimi ndiye wa kwanza. Siku nane zinanitosha.

Jumapili, 4 Julai

Nilipotoka kanisani nikaanza uchunguzi. Vilabu vitatu vya tembo, vyote huku Ng'ambo.

Cha kwanza kwa Bi Kazija. Mabenchi mawili, wazee wanacheza karata, sahani ya pweza wa kukaanga katikati. Pweza mzuri mno. Tembo lake lina sukari, nimeisikia kwenye meno. Nikamwambia. Akanambia kama nataka kuonja na kusema, niende nikaonje kwa mama yangu.

Cha pili, mwenyewe mtu mnene mwenye kicheko. Marehemu baba alinifundisha: tembo la kweli lina nyuki, kwa sababu nyuki hufuata kibuyu huko huko juu ya mnazi. Kata yangu ilikuwa na nyuki saba! Nilifurahi mpaka nikamshika mkono yule mnene. Kisha nikaenda uani kujisaidia, nikamkuta kachutama juu ya mtungi, kopo mkononi, anamwagia nyuki wakavu kama mtu anayetia iliki kwenye chai. Astaghafiru! Ulaghai gani huu?

Cha tatu kilikuwa kizuri sana. Au labda hakikuwa. Sikumbuki kilipo.

Jumatatu, 5 Julai

Kichwa. Gunia moja nimelipima mara mbili na jingine sikulipima kabisa. Msimamizi, Bwana Mmanga, aliniuliza kama nina homa. Nikasema ndiyo. Akaniambia homa yangu inanuka.

Bi Time aliniona napita, akanipa mahamri mawili bila ya kuniomba kitu. Akasema kajua habari za mtungi, na kwa maoni yake nyumba haisimami kwa tembo. Nimelifikiria neno hili usiku kucha. Nadhani anataka tembo lililo bora zaidi.

Jumanne, 6 Julai

Nimelipata!

Nilipanda gari la shamba mpaka Fuoni baada ya kazi. Mgema anaitwa Mkadam, mtu mkavu, goti moja bovu. Alikuwa juu ya mnazi, kotama, kisu cha kugemea, kiunoni. Akashuka na kibuyu, akanimiminia.

Nilikunywa. Machozi yakanitoka. Tamu mwanzoni, halafu linauma ulimi kidogo, halafu linaomba radhi. Hilo ndilo tembo! Nikamsifu pale pale. Nikamsifu mbele ya mkewe, mbele ya jirani zake, mbele ya mtu aliyekuwa anapita na ng'ombe. Nikasema kisiwa kizima hakina mgema kama yeye. Kisha nikachukua karatasi ya ghala, nikamwandikia barua ya sifa, nikatia sahihi.

Jirani mmoja, mwanamke mwenye ulimi, akanambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu kuwa methali hiyo ilitungwa na mtu ambaye hakuwahi kusifiwa. Watu wakacheka. Wakacheka na mimi, nadhani.

Nimeagiza mtungi kwa Jumapili. Kificho kwisha habari yake.

Alhamisi, 8 Julai

Maji.

Nilikwenda Fuoni kuonja tu, kujipa moyo. Nikamkuta Mkadam hayuko juu ya mnazi. Kakaa kitini, kofia mpya ya darizi kichwani, shemeji yake ndiye anayepanda. Barua yangu imepigiliwa misumari mlangoni. Foleni ya watu mpaka barabarani!

Akanikaribisha kama ndugu. Akasema tangu barua ile watu wanatoka vijiji vitatu kuja kunywa, na mnazi ni ule ule mmoja, kwa hiyo tembo limebidi linyooshwe kidogo. Kidogo! Niliona kisima kinacheka ndani ya kata.

Nikadai barua yangu. Akakataa, akasema iliyoandikwa imeandikwa. Yule jirani mwenye ulimi alikuwa amesimama ukutani. Alinitazama tu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Sikati tamaa. Ng'o! Zimebaki siku tatu.

Ijumaa, 9 Julai

Nimegundua dawa. Ikiwa sifa zinaharibu tembo, basi matusi yatalilinda. Jambo liko wazi, sijui kwa nini wazee hawakulifikiria.

Nikaenda Bububu kwa mgema anayeitwa Mcha. Kijumba safi, vibuyu vimeoshwa, watu watatu wanakunywa kwa adabu. Nikaonja. Ya Rabi! Kuliko la Fuoni! Lakini nikaufunga moyo wangu. Nikatema chini, nikakunja uso, nikamwambia nimewahi kunywa maji ya kuoshea mchele yenye ladha kuliko hili. Nikamwambia mnazi wake unaona haya.

Wale watu watatu waliacha kunywa. Mcha akanitazama kwa utulivu, akauliza natafuta tembo la nini. Nikasema la posa, Jumapili. Akasema vizuri sana, bwana. Kwa mtu mwenye ujuzi kama wangu ataniwekea mtungi maalumu, niupitie siku yenyewe.

Umeona? Kashtuka! Sasa atafanya kazi kwa hofu. Nimerudi naimba.

Jumapili, 11 Julai

Naandika usiku, mlango nimeufunga.

Niliuchukua mtungi mchana. Mzito, mdomo umefungwa kwa kitambaa na kamba, umekazwa barabara. Sikuonja. Kufungua ni kuharibu, na tembo la Mcha nshalijua. Ndani ya gari abiria walianza kusogea mbali nami. Bibi mmoja aliziba pua kwa buibui lake. Nikadhani ni wivu.

Saa kumi kamili. Wazee wanne mkekani. Na Kificho! Kaalikwa, eti ajifunze. Nikavua viatu, nikatoa shikamoo nne, nikakaa.

Mzee Mjaka akafungua kitambaa. Akachota. Akanywa. Jicho moja likajifumba lenyewe. Akampa wa pili, wa pili akapiga chafya. Wa tatu alinusa tu, akamrudishia kata.

Siki! Siki ya wiki nzima, kali kiasi cha kung'arisha sufuria! Mcha mwanaharamu alichukua maneno yangu akayajibu kwa mtungi.

Nikatoa hoja. Nikasema desturi inataka tembo lisilo na maji, na hili halina maji hata tone, nami naapa. Mzee wa nne alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mzee Mjaka hakucheka. Akailaza kata kifudifudi, taratibu, kama anayefunika maiti. Kificho akauliza, kwa adabu zote, kama naweza kumwazima kibaba kimoja cha kutilia achari ya embe.

Nimeubeba mtungi wangu kichwani mchana kweupe, kutoka kwa Mzee Mjaka mpaka kwangu. Kila mlango ulinipa pole. Nimeingia ndani nikalia. Nampenda yule mwanamke. Si kwa mahamri tu.

Jumatatu, 12 Julai

Sikwenda kazini. Adhuhuri hodi. Bi Time mwenyewe, na shoga yake Mwanakheir kwa ajili ya heshima!

Hakukaa. Alisimama pale mlangoni, leso yake ya rangi ya manjano. Akasema jana alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote, na toka mumewe afariki hajacheka namna ile. Kacheka mpaka Mwanakheir akamletea maji. Akasema Kificho anakuja na koti lake kila siku ya Ijumaa, anakaa, anaondoka, na yeye hukumbuka koti tu. Akasema amechoka kukaa peke yake jioni.

Kwa hiyo kazungumza na ami yake. Yeye ni mtu mzima, ni mjane, shauri lake liko mkononi mwake. Ami kakubali nirudi Jumapili hii, saa tisa, kabla ya Kificho. Ila kwa sharti moja. Nije mikono mitupu. Hakuna mtungi, hakuna kibuyu, hakuna chupa. Nikae, ninywe kahawa, ninyamaze. Yeye atatoka mbele ya wazee aseme kakubali, basi, yameisha.

Akaniuliza nimefahamu? Naam, nimefahamu. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akanitaka nirudie tena. Nikarudia. Mwanakheir alitazama juu kwenye dari.

Walipoondoka niliruka. Kichwa kimegonga kizingiti cha juu. Hakiumi hata kidogo!

Alhamisi, 15 Julai

Siku tatu sina usingizi. Mikono mitupu?

Nimelipima neno hili kama ninavyopima karafuu. Mgeni akikukuta unakula ukamkaribisha, anasema nini? Anasema ahsante, nshakula. Na kashakula? Hajala! Ana njaa inamtoa roho. Lakini ndiyo adabu, anakataa mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka umvute mkono. Mtu aliyelelewa vyema haombi kitu kwa mdomo wake. Na Bi Time kalelewa vyema kuliko wote mtaani.

Kisha alinitaka nirudie mara mbili! Kwa nini mara mbili? Kwa sababu kakataa mara mbili. Maskini! Alisimama mlangoni kwangu akiningoja nimvute mkono, na mimi nikajibu naam, naam, kama punda.

Kificho atakuja na mtungi, hilo ni hakika. Mimi nije na mikono inaning'inia? Aibu ya ukoo! Nimemuuliza Bwana Mmanga kwa njia ya mbali, bila kutaja majina. Akasema mwanamke akisema kitu, ni kile kile alichosema. Lakini Bwana Mmanga hajaoa.

Jumamosi, 17 Julai

Mangapwani. Gari limeharibika njiani, nusu ya safari nimekwenda kwa miguu. Nimempata mgema anaitwa Simai. Safari hii nimefanya kwa akili. Sikumsifu, sikumtukana. Nilionja, nikanyamaza, uso mkavu, nikalipia mitungi miwili, nikakaa hapo hapo nikiitazama mpaka ikafungwa. Nimelala nayo chumbani. Nimefungua mara tatu kuhakikisha. Safi! Safi kabisa!

Mungu anaona jitihada yangu.

Jumapili, 18 Julai

Saa tisa kasoro dakika tano nilikuwa barazani kwa Mzee Mjaka, mtungi kulia, mtungi kushoto. Nilipiga hodi. Alifungua Bi Time mwenyewe. Leso mpya. Hina mikononi. Nyuma yake niliwaona wazee, buli la kahawa, vikombe, sahani ya halua.

Aliutazama mtungi wa kulia. Akautazama wa kushoto. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, na macho yake yakajaa maji. Nikajua nimemgusa moyo. Akafunga mlango taratibu.

Nikakaa barazani kungoja. Nilidhani kaenda kutafuta kata.

Saa kumi kaja Kificho na mtungi wake. Naye akapiga hodi, mlango ukafunguka, mlango ukafungwa. Akakaa upande wa pili wa baraza. Tukakaa mpaka kivuli kilipofika barabarani. Kisha akaniomba aonje langu. Nikaomba nionje lake. Lake la Chwaka, zuri, nilimwambia ukweli. Langu aliliita tembo la wafalme. Watu wote wanakubali, ila mwenye mlango!

Karibu na Magharibi katoka Mwanakheir kuja kuchukua mkeka. Kasema Bi Time katuma salamu. Alitafuta mtu mmoja wa kumsikiliza, kaletewa mitungi mitatu.

Kificho kainamisha kichwa, kabeba mtungi wake, kaondoka bila ya kuaga. Mtu dhaifu, anakata tamaa upesi.

Mimi nimeshika ujumbe. Mitatu haikutosha. Jumapili ijayo napeleka minne.