Kisima cha Mas

Mjini Mojokerto, kisiwani Java, hakuna aliyekuwa na ulimi laini kama Gunadi, wala aliyeutumia kwa kazi chafu zaidi. Aliokota rada ya ardhini iliyotupwa na kampuni ya mabomba, kigari cha kusukuma chenye kioo cha kuonyesha vilivyofukiwa, akajipachika udaktari wa mambo ya kale. Sisi wa Trowulan, tunaofyatua matofali juu ya mji wa wafalme uliofukiwa, tulikuwa windo lake. Kigari kikipita juu ya jiwe lolote, kioo kilichora mstari uliopinda kama kilima. "Sanduku la dhahabu," alinong'ona, kisha akadai ada ya kuituliza mizimu. Wenye tamaa walilipa, wakachimba, wakapata jiwe. Nani angeshtaki, na sheria inataka mali ya kale ipelekwe serikalini?

Kiangazi hicho akamfikia Bu Lastri, yaani Mama Lastri, mjane mwenye tanuri la matofali.

"Shamba lile la nyuma linaitwaje, Bu?"

"Sumur Mas, Mas."

Sumur ni kisima. Mas, kwetu Wajava, ni dhahabu. Tena ndivyo tunavyomwita kijana wa kiume, kama kusema kaka. Gunadi alizijua maana zote mbili. Akaishika ile iliyomtoa mate.

Akasukuma kigari. Kioo kikachora kilima kipana kama chumba, ambacho mfano wake hakuwahi kuuona. Mwongo yule, kwa mara ya kwanza, akaiamini mashine yake. Mpumbavu mkubwa.

"Umeona nini, Mas?"

"Mizimu mibaya tu, Bu. Niuzie mimi shamba, nikuondolee balaa."

"Utalipa nini?"

"Chukua gari langu la mizigo, lile nililojia."

"Na kigari je?"

Hazina imeshaonekana, rada ya nini tena? Akakubali. Wakatia saini mbele ya mkuu wa kijiji.

"Kesho sitaki lawama, Mas," alisema Bu Lastri. "Jina la shamba nimekutajia."

"Lawama ya nini, Bu? Jina ndilo nililolipenda."

Akachimba peke yake, asije akagawana na mtu. Alasiri paa la matofali lililokuwa chini ya udongo likabomoka, akazama hadi kifuani. Tulimnusa kabla ya kumsikia.

Bu Lastri akaja na kamba, kitambaa puani.

"Umenitapeli," Gunadi akalia.

"Kwa lipi, Mas? Zamani vijana wa kiwanda cha sukari walikuwa na kambi hapa. Kina Mas wote wakienda haja kwenye kisima hicho kimoja. Marehemu mkwe wangu alikifunika tu, akakisahau. Mimi nimetafuta mnunuzi mpaka nimezeeka."

Tukamvuta. Huruma hatukuwa nayo, maana wengi wetu tulishachimba mawe yake. Gari sasa linabeba matofali ya Bu Lastri, na kwenye kigari anaanika mihogo.

Gunadi alirudi Mojokerto kwa miguu, kila basi likimkimbia. Shamba ni lake mpaka leo, hati anayo.