Dada Waya na Pedi ya Wino Iliyokauka

Sogeeni jamani, sogeeni, na wenye visikizi masikioni wavichomoe, msikie habari ya Dada Waya, mshonaji wa kofia zinazosikiliza ubongo, binti wa baba ambaye mikono yake hutetemeka hadi chai inammwagikia kifuani!

Kofia yake ya nyaya ingeusikiliza ubongo wa mzee, kisha iuguse kwa kiumeme kidogo, mikono itulie. Ilibaki kuijenga. Na fomu ya ufadhili, ee fomu tukufu yenye kurasa arobaini, ilitaka uthibitisho kwamba kifaa kinafanya kazi, ndipo watoe pesa za kukifanya kifanye kazi! Swali la tisa: “Je, teknolojia hii imewahi kuamsha chochote?” Hapo aliacha wazi. Tena ulitakiwa mhuri wa idara, na mlango wa maombi ungefungwa saa sita mchana.

Saa tano na dakika arobaini akaivamia ngome: meza ya katibu, Mama Mhuri, mlinzi wa droo isiyofunguka kirahisi.

“Shikamoo mama. Naomba mhuri.”

“Marahaba. Wino umekauka, mwanangu. Tumeagiza.”

“Lini?”

“Enzi za mkuu aliyepita.”

“Basi iende na saini tu?”

“Saini bila mhuri? Hiyo ni barua ya mapenzi.”

Mama Mhuri akaigonga pedi: ko! Jangwa. Akaipulizia pumzi, hah, hah! Mhuri ukatoa kipande cha duara kama ukucha. Dakika kumi zimebaki. Dada Waya akakiona akilini kikombe cha baba kule nyumbani kikiyumba.

Ndipo shujaa akachomoa silaha mfukoni mwa koti: bomba la sindano lisilo na sindano, limejaa maji ya chumvi, yale ya kulowesha vijisponji vya kofia vishike umeme wa ubongo.

“We! Unaniulia pedi yangu!”

“Naifufua, mama.”

Tone. Tone. Tone. Pedi iliyolala miaka ikanywa, ikafura, ikatoa zambarau!

“Gonga mama, gonga!”

“Usinisimamie kichwani!”

PWA! Duara zima, na tarehe yake!

Dada Waya akanyakua kalamu, akajaza swali la tisa: “Ndiyo. Ofisi ya idara.”

Mama Mhuri akasoma, akaivuta karatasi. “Lete. Na hapo nigonge.”

Saa tano na dakika hamsini na nane fomu ikatumwa. Vizazi na vikumbuke: ofisi iliamka, tena mara mbili!