Ombi Rasmi la Kumtetea Bawabu

Ofisi ya Uratibu wa Vibali vya Mazao, Kakamega, ina furaha kuwatangazia wananchi wote, wakiwemo wale waliowahi kuketi kwenye benchi letu la nje, kwamba uwezo wa Bawabu umenusurika. Haukufutwa wala haukupunguzwa. Hili ni jambo kubwa kwa taifa, na kama magazeti hayakuliandika, basi ni wivu tu.

Mimi Wanzala, Naibu Katibu wa ofisi hiyo, nilikuwapo tangu mwanzo. Nimejiteua mwenyewe kueleza yaliyotokea.

Mwaka wa 1998 wafadhili walituletea kompyuta, pamoja na kisanduku cha kuiunganisha na laini ya simu, ili vibali vya kusafirisha miwa vitoke haraka. Tuliipokea kwa hotuba. Baada ya hotuba tukagundua kwamba hakuna aliyejua namna ya kutoa vibali kwa kompyuta. Lakini ile laini ilifika hadi ng'ambo, na huko ng'ambo kulikuwa na mchezo.

Ulikuwa mchezo wa maneno matupu, bila picha. Unaandika "nenda kaskazini", unaambiwa umefika msituni. Watu wa dunia nzima walikuwa humo kwa wakati mmoja, kila mtu na kazi aliyojichagulia: huyu askari, huyu mwizi, huyu mganga. Na palikuwa na bawabu.

Bawabu hana upanga wala dawa. Ana uwezo mmoja tu: akisimama langoni na kuandika neno "subiri", hapiti mtu, awe jemadari au jini, mpaka yeye mwenyewe aridhike. Mkurugenzi wetu, Bwana Shikanga, aliposoma hayo kwa mara ya kwanza alivua miwani akaifuta.

"Wanzala," akaniambia kwa sauti ya chini, "hawa watu wanatujua."

Haikuchukua muda akawa bawabu wa lango kuu la mji wa mfalme. Majeshi yalirudi vitani na majeruhi mabegani, yakakaa nje hadi Bwana Shikanga aliporudi kutoka chakula cha mchana. Nami nilijiunga, nikapewa lango la zizi la mbuzi. Sikuidharau kazi. Kuna Mjerumani mmoja aliyesubiri langoni kwangu tangu asubuhi hadi magharibi akiamini kuna hazina ndani. Sikumwambia ni mbuzi. Maswali kama hayo huulizwa kwa maandishi, na yeye hakuandika.

Basi Jumatatu moja tukapata tangazo kutoka kwa watengenezaji wa mchezo. Walisema kuanzia mwezi ujao bawabu atanyang'anywa neno "subiri", kwa kuwa wachezaji wanalalamika wanacheleweshwa bila sababu. Mwenye maoni ayatume kabla ya saa kumi na mbili jioni, Ijumaa, kwa saa zetu.

"Bila sababu!" Bwana Shikanga alifoka. "Tangu lini kuchelewesha mtu kukahitaji sababu?"

Mimi nilihisi kama nimefiwa. Nyumbani hata kuku hunipita mlangoni bila kuniangalia. Lile zizi ndilo lilikuwa mahali pekee duniani ambapo nikisema neno, neno linashika.

Siku hiyo hiyo tukaunda Kamati ya Dharura ya Kumtetea Bawabu. Ilikaa Jumanne, ikaahirishwa kwa chai, ikakaa Jumatano kujadili kama tuwaite watengenezaji "Waheshimiwa" au "Wapendwa". Alhamisi ombi likakamilika. Nilichangia sentensi yake nzuri kuliko zote: "Subira huvuta heri. Mkiondoa subira, heri itavutwa na nini?" Bwana Shikanga aliisoma mara mbili akanipa mkono.

Wiki hiyo yote, kule kwenye benchi la nje, alikuwako mkulima mmoja kutoka Kabras aitwaye Zilpah Ayuma. Miwa yake ilikuwa imekatwa tangu Jumamosi, imelala shambani ikikauka, na miwa iliyokauka kiwanda huipokea kwa kununa au huikataa. Trekta la kuibeba lilikuwa lake hadi Ijumaa jioni, baada ya hapo linakwenda kwa mtu mwingine. Alichohitaji ni kibali. Kila nilipopita alinisimamisha kwa salamu.

"Mulembe, kijana. Hiyo karatasi yangu mnaipikanga wapi?"

"Mama, jambo lako linashughulikiwa."

"Na nani? Mbona nyote nawaona kwa ile mashini?"

Nilimweleza kwamba mambo ya serikali ni mapana. Alitikisa kichwa, akarudi kuketi.

Ijumaa mchana ombi letu lilikuwa mezani, limepigwa chapa safi. Lilikosa muhuri tu. Najua kuna watakaouliza muhuri una kazi gani kwenye barua ambayo baadaye itaandikwa upya kwenye kompyuta, ambako hauonekani. Kamati ililijadili hilo kwa kina. Iliamuliwa kwamba hata usipoonekana, upo.

Muhuri hukaa na Nafula, karani wetu wa dirishani. Bwana Shikanga akampelekea ombi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nafula akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini kabisa ya rundo la maombi ya vibali.

"Nafula, hilo ni la haraka."

"Naona, mkubwa. Litafika." Akanyoosha kidole juu ya dirisha. Hapo ulining'inia waraka alioutunga Bwana Shikanga mwenyewe na kuutia fremu: HATI HUPIGWA MUHURI KWA ZAMU YA KUFIKA. MWENYEWE AWEPO, ATIE SAHIHI. HAKUNA KURUKA.

"Huo ni wa wananchi," alisema Mkurugenzi.

"Haujasema hivyo, mkubwa. Na mwaka jana nilimrukisha yule mama aliyekuwa na mazishi, ukanipa barua ya onyo. Ulisema nikirudia naenda nyumbani. Mimi nina watoto."

Bwana Shikanga aliitazama fremu yake. Angeweza kuufuta waraka, lakini waraka hufutwa kwa waraka mwingine, na waraka mwingine ungehitaji muhuri, na ungeingia chini ya rundo. Tukaangalia saa ya ukutani, kisha tukaangalia rundo.

Yaliyofuata sijayaona tena katika utumishi wangu. Mkurugenzi alikunja mikono ya shati. Mimi nilisoma, yeye akatia sahihi, Nafula akagonga muhuri, na jina likaitwa. Watu waliingia wakidhani wameitwa kukamatwa. Mzee mmoja wa Malava alipopewa kibali chake alikigeuza nyuma na mbele akauliza kimebaki nini. Hakuna, tukamwambia. Akasimama hapo kidogo, akauliza tena. Tulikuwa tukifanya kazi kama watu waliorogwa, na yote hayo, msomaji aelewe, ni kwa ajili ya kutetea haki ya kuchelewesha.

Karibu saa kumi na moja benchi lilikuwa tupu. Juu ya ombi letu ilibaki karatasi moja, ya mwisho kupokelewa kabla ya letu.

"Zilpah Ayuma!" Nafula aliita.

Hakutokea mtu.

"Mpigie muhuri, atatia sahihi baadaye," alisema Mkurugenzi.

"Mwenyewe awepo, mkubwa." Wala hakutazama juu. Aliujua waraka kwa moyo.

Ndipo watu wa Kakamega wakamwona Mkurugenzi wa Uratibu wa Vibali akikimbia kuelekea sokoni, tai begani, na Naibu Katibu nyuma yake akiita jina la mwanamke. Waendesha boda boda walitushangilia bila kujua sababu. Tulimkuta Zilpah kwenye kibanda cha chai, mbele yake kikombe kilichojaa hadi ukingoni na viazi viwili vya kuchemsha.

"Mama," Bwana Shikanga alihema, "njoo utie sahihi. Kibali kiko tayari."

Zilpah alimwangalia, akaniangalia mimi.

"Tangu Jumatatu mnaniambianga kesho. Leo mnaniambia sasa. Wacha kwanza nimalize chai, nisirudi kule nikakaa tena na njaa."

"Mama, hatuna wakati!"

"Chai ni moto, mkubwa. Mtu hainywangi mbio." Akasogea kidogo. "Kaeni. Benchi iko."

Tukakaa. Mkurugenzi alitazama saa yake, akatazama kikombe. Zilpah alipuliza, akanywa, akamenya kiazi. Bwana Shikanga alifungua mdomo kusema jambo, na nadhani lilikuwa jambo la cheo chake, lakini Zilpah aliinua kiganja.

"Subiri," akasema.

Mkurugenzi akasubiri.

Kwa ufupi, Zilpah alitia sahihi, akapata kibali, na trekta likaondoka shambani kabla ya giza. Ombi letu lilipigwa muhuri. Nililiandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili, pamoja na maelezo kuhusu muhuri usioonekana, likaondoka dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Bwana Shikanga alinikumbatia. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na sioni haya kusema.

Jumatatu jibu likaja. Watengenezaji walisema hawajawahi kupata ombi lenye uchungu kama lile, na kwamba maelezo kuhusu muhuri usioonekana waliyabandika ukutani. Uwezo wa bawabu utabaki. Waliongeza sharti dogo: bawabu asipoonekana langoni siku nzima, lango lake litafunguka lenyewe.

"Sharti la bure," alisema Bwana Shikanga. "Sisi tuko langoni kila siku." Akavuta kiti mbele ya kompyuta, akasugua mikono.

Hapo ndipo tuliposikia sauti nje. Zilpah Ayuma alikuwa amerudi, na nyuma yake ilikuja Kabras, na nyuma ya Kabras Malava. Benchi lilikuwepo, limefutwa vumbi. Hakuna aliyeketi.

Mkurugenzi alitoka na uso wake wa kazi. "Wananchi, subirini. Mambo yenu yanashughulikiwa."

"Mulembe, mkubwa," Zilpah alisema kwa heshima zote. "Ijumaa mlimaliza watu wote mchana mmoja. Nimewaambia hawa, wakasema ni uongo. Sasa wamekuja kuona." Akatoa chupa ya chai kikapuni, akamimina kikombe, akakiweka dirishani kwa Nafula, chini ya ule waraka. "Tutangojea hapa hapa, wima. Ikipoa kabla ya mtu wa kwanza, tutakuja ndani tuulize kwa nini."

Bwana Shikanga aliutazama umati. Akakitazama kikombe kikifuka moshi. Nafula alikuwa tayari ameshika muhuri.

"Wanzala," akasema hatimaye, "lete kalamu."

Imekuwa hivyo tangu siku hiyo. Mama huyo, au jirani yake, hukosi kumwona hapo asubuhi na kikombe chake. Tunatia sahihi hadi jioni, laini ya simu haijaguswa, na vidole vyangu vina sugu. Uwezo wa Bawabu, narudia, umehifadhiwa kikamilifu. Kilichokosekana ni bawabu.

Mji wa mfalme sasa unaingiwa na kila mtu. Na kwa upande wangu, kwa mujibu wa barua iliyotufikia kwa posta kutoka kwa yule Mjerumani, natangaza rasmi kwamba mbuzi wametoka.