Nguzo Zenu Mpya Hazilii

Kwa Mhandisi Mkuu wa Handaki,

Shikamoo. Najua umri wako unalingana na wa kitinda mimba wangu, lakini shikamoo hii ni ya cheo, ipokee tu.

Mimi ni mjane wa fundi wa nguzo, yule mrefu mliyemwita Babu Mwanzi, aliyeitegemeza dari ya handaki lenu kwa mianzi miaka sita. Alitutoka mwaka jana. Mwezi uliopita mliing'oa mianzi yake, mkaweka matao ya plastiki iliyoyeyushwa kutokana na chupa kuukuu. Sipingi. Nasikia hata mazingira yamefurahi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Matao yenu hayalii. Mwanzi hulia kabla haujavunjika, ndiyo adabu yake. Kila siku saa nne asubuhi nilisikia "kriii" nikiwa jikoni, na nilipomuuliza marehemu jioni aliniambia, "Mama watoto, hiyo ni nguzo yangu kule chini, inakusalimu. Itikia basi!" Hata baada ya mazishi niliendelea kuitikia. Tangu Jumatatu ile mliyobadilisha, kimya. Chai ya saa nne nainywa peke yangu.

2. Katika chupa mlizokusanya mtaani, kumi na moja ni zangu, na mojawapo ni ya dawa yake ya kikohozi. Dawa yenyewe hakuimaliza, alisema chungu. Leo chupa yake inabeba mtaa mzima. Naomba kujua iko tao la ngapi.

3. Ripoti yenu inasema matao hayachoki. Mheshimiwa, kitu kisichochoka hakijafanya kazi. Mume wangu alirudi amechoka kila siku, na dari haikuanguka hata mara moja.

4. Mianzi imestaafishwa bila kuagwa. Marehemu mlimpa saa ya ukutani. Mianzi mliipa nini?

Kwa hiyo naomba mrudishe mwanzi mmoja tu, chini ya jiko langu. Ikishindikana, aajiriwe mtu wa kulia "kriii" saa nne kamili, mwenye sauti nzito kidogo na cheti cha usalama. Asiwe mwenye kukohoa, maana nitachanganyikiwa. Akienda likizo, umshikie zamu wewe mwenyewe.

Nisalimie mama yako, makarani wako, na wote walio chini ya ardhi, wanaofanya kazi na waliopumzika.

Ni mimi ninayesubiri kusalimiwa,
Mjane wa Babu Mwanzi

N.B. Mwanangu mkubwa, niliyempa barua hii aipitie, amenionyesha ramani yenu: handaki linapita mtaa wa pili. Kisha akainamisha kichwa, akakiri kwamba Jumatatu ile alipokuja kunijulia hali alizipaka mafuta bawaba za mlango wa jiko, kwa kuwa upepo wa saa nne ulikuwa ukizipigisha kelele. Kumbe miaka yote sita marehemu alikuwa anakwepa kazi ya nyumbani! Mheshimiwa, msibadilishe chochote. Mwanangu nimempa kitambaa, anayafuta mafuta.